Lita kwa Kilomita Mia

Gari nililinunua Vinhais, mwezi wa Februari,
kwa mjane aliyehesabu noti mara mbili
kisha akanirudishia moja: "Ya mafuta.
Tangi liko robo. Mshale husema nusu, usiusadiki."

Pejo ya dizeli, ya mwaka themanini na tisa,
rangi ya maziwa yaliyochacha,
injini inaamka asubuhi kama mvutaji sigara:
kwanza lawama, halafu moshi, halafu kazi.

Katika mfuko wa mlango, chini ya kitambaa cha kufutia kioo,
mlikuwa na vitu viwili.
Kijitabu cha kiwanda, karatasi bado inang'aa:
lita nne nukta sita, kilomita mia.
Na daftari la marehemu Belmiro,
limevimba kwa unyevu, lanuka dizeli:
tarehe, lita, kilomita, jibu.
Miaka thelathini na moja ya majibu
na karibu yote yanabishana na kiwanda.

Sita nukta moja. Sita nukta tatu.
Januari, sakitu juu ya lami, safari fupi fupi,
kanisani, dukani, injini haijapata joto imezimwa:
saba nukta tisa.
Magunia kumi ya viazi hadi Bragança: sita nukta nane,
"na upepo wa uso," ameongeza,
kama mzazi anayemtetea mwanawe shuleni.

Mara moja tu, Agosti, nne nukta sita kamili.
Amepiga mistari miwili chini yake, kalamu imetoboa karatasi.
Nadhani siku ile alilipia watu kahawa.
Mstari unaofuata: saba nukta nne.
Na kwa mwandiko mdogo, wa mtu aliyevua kofia:
"Pampu ilikata mapema. Tangi halikujaa. Si kweli."

Nikampenda hapo.
Kiwanda hakijaandika popote kwamba si kweli.
Kiwanda kilipima chumbani, pasipo mwinuko,
gari limefungwa juu ya magurudumu ya chuma,
hakuna mbuzi barabarani,
hakuna mama mkwe kiti cha nyuma anayedai joto.

Lakini kulikuwa na herufi.
Pembeni mwa mistari fulani, Z.
Mwanzo nilidhani ni kituo cha mafuta, au aina ya oili.
Nikakaa mezani na kikokotoo, nje mvua,
nikatenga: zenye Z huku, zisizo na Z kule.
Bila Z, sita nukta mbili.
Zenye Z, tano nukta nne.
Njia ile ile. Kona zile zile za mto Tuela.

Nikarudi kwa mjane, Zulmira, kumuuliza kuhusu oili.
Akavaa miwani, akafuata safu kwa kidole chenye unga.
"Huyu mtu," akasema, "alikuwa akinipima kama gunia!"
Akacheka mpaka akashika ukingo wa beseni.
Halafu: "Kona hunitapisha. Tangu usichana.
Nikiwa ndani aliendesha kama aliyebeba mayai,
gia ya nne, mguu mwepesi, breki hazijui kazi.
Namwambia, Belmiro, hivi tutafika kesho.
Ananijibu, tutafika."

Mtu mzima zaidi ndani, na gari likanywa kidogo.
Hesabu hiyo haimo kijitabuni.

Nilimwachia daftari mezani. Akalisukuma kwangu.
"Chukua. Mimi nilikuwepo."

Jana nimejaza tangi mara ya kwanza, mpaka shingoni,
nikasubiri povu lishuke, nikaongeza.
Lita arobaini na moja, kilomita mia sita na tano.
Sita nukta nane, wala hapakuwa na viazi.
Nimeandika chini ya mwandiko wake, kwa kalamu ya risasi.
Pembeni nimeacha wazi.